Shamba Lililoota Chumvi

Kwetu Nyalukemba, mtaa mmoja wa Bukavu, tulikula chakula kisicho na chumvi kwa muda mrefu sana, na sababu yake ilikuwa shamba la mpunga lililo mbali na sisi, kule chini katika bonde la Ruzizi ambalo watu wa Bukavu tunaliita Plaine, ambako joto linakupiga usoni mara tu gari linapomaliza kuteremka mlima wa Ngomo. Nilipowasimulia walimu wenzangu shuleni walicheka kwanza, kisha wakaniuliza kwa huruma kama mama yangu ana ugonjwa wa presha. Hakuwa na presha. Mama alikuwa ameikasirikia chumvi, na mama yangu akikikasirikia kitu, nyumba nzima inalazimika kukikasirikia pamoja naye. Aliongoza shule ya msingi hadi alipostaafu, na hata leo akiingia sebuleni watu wazima wanaweka simu chini.

Shamba lilikuwa la baba. Baba alifanya kazi ya ofisi hapa Bukavu maisha yake yote, tai shingoni, lakini ukimuuliza kazi yake alikujibu kwamba yeye ni mkulima. Alilipata shamba lile akiwa kijana na alilipenda kuliko ofisi, na siku nyingine, nadhani, kuliko alivyotupenda sisi. Kila mavuno alirudi na magunia ya mchele juu ya gari, midomo imepasuka kwa jua, na kwa siku nyingi hatukusikia hadithi nyingine mezani. Miaka yake ya mwisho kona moja ya shamba ilianza kuwa nyeupe wakati wa kiangazi. Alisema shamba limeota mvi, kwamba linazeeka pamoja na mwenyewe, na akaiacha kona hiyo bila kuilima. Sisi tulicheka. Hakuna aliyeuliza mvi hizo zinaelekea wapi.

Kisha baba akafa. Baada ya mazishi familia iliketi kupanga siku ya kuondoa matanga: misa, chakula, na mjane kuvua nguo nyeusi mbele ya watu. Baba zetu wadogo walikuja kutoka Walungu na mapendekezo yao, kila mmoja na lake, wakabishana vizuri mpaka chai ikapoa. Mama aliwasikiliza wote, akasimama.

"Hii nguo nyeusi nitaitosha ku mwili siku watu watakula muchele ya shamba yake," alisema. "Mbele ya ile siku, hapana."

Watu walipiga makofi. Lilikuwa neno zuri, na kila mtu alipiga hesabu kichwani akaona ni msimu mmoja tu, kupanda na kuvuna. Aliyefurahi kuliko wote ni mdogo wangu wa kike, kwa sababu ndoa yake ilikuwa inasubiri. Katika familia yetu harusi haifungwi wakati mjane bado yuko katika nguo nyeusi, na mahari ya mdogo wangu ilikuwa imeshapokelewa. Ng'ombe walikuwa wameshafika Walungu, na mmoja alikuwa na mimba. Mchumba wake ni kijana mpole anayekodisha viti, hema na vipaza sauti kwa ajili ya sherehe. Hata viti tulivyokalia siku ile vilikuwa vyake. Mama hakuwahi kumwita kwa jina wala kwa undugu. Alimwita "mwenye viti", na kijana aliitika.

Msimu wa kupanda ulipofika nilishuka Plaine pamoja na mama. Nilipoliona shamba nilidhani mtu ameanika unga wa muhogo juu yake akasahau kuuanua. Kona ya baba ilikuwa imekula shamba lote isipokuwa ukanda mwembamba karibu na mfereji wa maji. Mama aliinama, akachota udongo kidogo kwa kidole, akauonja, akatema. Akautazama udongo ule jinsi alivyokuwa anamtazama mtoto aliyekamatwa na chaki ya shule mfukoni. Tulipanda hata hivyo, kwa kuwa neno lilikuwa limeshatolewa mbele ya watu. Miche ikawa ya njano, ikaungua ncha, ikalala chini na haikuamka tena.

Siku tuliporudi Bukavu kutoka kuona hasara, mama aliingia jikoni bila hata kuvua viatu, akachukua kopo la chumvi, akampa jirani. Alisema baba yetu ametuachia chumvi ya kutosha, na yeye hatanunua nyingine mpaka ile ya shambani iishe. Nilidhani ni hasira ya jioni moja. Kesho yake tukala sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, bila chumvi, kesho kutwa maharage bila chumvi, na Ijumaa sambaza bila chumvi, samaki wadogo wa ziwa letu, ambao hawana kosa lolote. Yeye mwenyewe alikula akiwa amenyoosha mgongo. Hakuna aliyethubutu kulalamika. Mimi, mwanamke mzima mwenye diploma, nilificha chumvi yangu chumbani ndani ya soksi. Mdogo wangu alikuwa na yake, nilijua, kwa sababu alikuwa anakula na uso wa furaha. Mchumba alikuja kila Jumapili baada ya misa, na kikaratasi kilichokunjwa kikiwa mfukoni mwa koti. Mama akigeuka kuchukua maji, mkono wa kijana ulikwenda mfukoni ukarudi juu ya sahani, upesi sana, na yeye akaendelea kusifu mapishi.

Wazo la kwanza la kuliponya shamba lilitoka jikoni. Mama alikuwa anatengeneza makayabo, yule samaki mkavu wa chumvi ambaye kila mama wa Kongo anajua dawa yake: unamloweka, chumvi inatoka, unamwaga maji, unamloweka tena mpaka aweze kuliwa. Katika nyumba yetu, bila shaka, alilowekwa mpaka akabaki na ladha ya kamba. Mama aliacha samaki katika beseni, akaja sebuleni akifuta mikono, akatangaza kwamba shamba litalowekwa. Na niseme ukweli, wazo halikuwa baya. Chumvi ya ardhi inaoshwa kwa maji, hata wataalamu wanasema hivyo. Ila beseni unaweza kuliinamisha ukamwaga, na shamba hakuna anayeweza kuliinamisha. Jambo hilo dogo halikumjia yeyote kati yetu, pamoja na elimu yetu yote.

Tulichukua zamu yetu ya maji kwenye mfereji, tukajaza shamba mpaka bata wakaja kuogelea, tukasubiri. Maji hayakwenda popote. Jua la Plaine liliyanywa taratibu, likatuachia chumvi yetu yote pamoja na ile kidogo iliyokuja na maji yenyewe. Shamba likawa jeupe kuliko lilivyokuwa.

Mara ya pili mama alielewa kwamba lazima maji yamwagwe. Akachukua jembe, akatoboa ukingo, na maji yote yakaingia kwa jirani. Jirani alikuwa mzee mmoja mwenye kofia na heshima nyingi, prezida wa komite ya maji ya eneo lile, na shamba lake lilikuwa linaumwa kama letu. Alikuja, akamsalimia mama, akauliza habari za watoto, za parokia na za barabara ya Ngomo, kisha akachukua jembe lake, akatoboa ukingo mahali pengine, akaturudishia maji. Mama akamshukuru kwa kututembelea. Kesho yake akayapeleka tena. Nilikaa katika kivuli cha migomba nikiwatazama wazee wawili wakitembezeana maji ya chumvi huku wanapeana pole ya kazi, na nilitaka kupiga kelele. Aliyetuokoa ni mchumba. Alikuwa ameshuka nasi kusaidia, maana ndoa yake ilikuwa ndani ya maji yale, na aliuliza swali ambalo sisi hatukuwa tumeliuliza: zamani maji yalikuwa yanatoka shambani kwa njia gani?

Prezida alisimama kidogo, akavua kofia. Alisema kulikuwa na mtaro. Mfereji unaleta maji, mtaro unayatoa. Ulichimbwa na wazee wao, ukapita upande wa chini wa mashamba yote mpaka mtoni. Nikamuuliza uko wapi. Akasema upo. Tuliufuata kwa miguu ndani ya matete, mimi nikiwa nimeshika viatu mkononi, mpaka tukafika karibu na barabara kuu, na hapo mtaro ukaishia kwenye vibao.

Vilikuwa vibao vya miradi, vya chuma, vimesimama kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja juu ya mguu mnene wa saruji. Kila mradi uliokuja kuondoa chumvi ulianza kwa kusimika kibao, na kila kibao kilisimikwa pale pale ndani ya mtaro, kwa sababu udongo wa mtaro ni laini kuchimba na magari ya wageni yanapita karibu. Prezida alitueleza, bila kuona cha kuchekesha, kwamba siku ya kuzindua kibao cha kwanza waliujaza mtaro udongo ili viti vya wageni visiyumbe. Kibao kikubwa kuliko vyote kilisema kwa Kifaransa kwamba hapa udongo unafufuliwa. Nyuma yake maji yalikuwa yamesimama, ya kijani, na vyura ndani.

Nikasema vichimbuliwe leo leo. Prezida alinitazama kama mtu aliyesikia tusi kanisani. Vibao ni mali ya watu, alisema. Wageni wakirudi wasivikute, watasema wakulima wamekula mradi, na hakuna mradi mwingine utakaokuja tena. Nilimuuliza hiyo iliyokwisha kuja ilileta nini. Akafikiri kwa uaminifu kabisa.

"Ilileta vibao, maman," alisema.

Basi nikarudi Bukavu kuwatafuta wenye vibao. Ofisi ya kwanza ilikuwa hapa hapa Nyalukemba, mwendo mfupi kutoka kwetu, na ndani yake nikakuta saluni. Mama wa saluni alinisikiliza vizuri huku anasuka, akasema kwa upande wake haoni ubaya kibao kitolewe, na kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuuliza, nilimshukuru. Ofisi ya pili ilikuwa na mlinzi tu, ambaye hakujua anailindia nini. Ya tatu bado ilikuwa na watu. Kijana mwenye kompyuta alinieleza kwa upole kwamba kutoa kibao ni shughuli, na shughuli inahitaji mradi, na mradi ukipatikana, kitu cha kwanza kabisa ni kusimika kibao. Niliondoka kabla sijasema neno ambalo mwalimu hapaswi kulisema.

Jumapili hiyo nililia mezani kwa hasira, juu ya maharage yasiyo na ladha. Nilisema mdogo wangu atazeeka nyumbani kwa ajili ya saruji ya watu waliokwisha kwenda. Mchumba aliweka kijiko chini, akasema sisi tunakosea namna ya kuomba. Katika kazi yake ameona mara nyingi watu wakikataa jambo katakata, na jambo lile lile wakilikubali likiwekewa hema.

"Hatuvitoshe," alisema. "Tunavihamisha na heshima. Na mikro."

Na kweli, kwetu hakuna kinachoanza wala kuisha bila viti, bila kwaya, bila mtu mmoja kushika mikro, kile kipaza sauti, na kusema neno la siku. Prezida aliposikia kwamba neno hilo litakuwa lake, alikubali kabla hatujamaliza kueleza. Yeye mwenyewe akapendekeza mahali papya, kilimani karibu na shule, ambapo vibao vitaonekana kutoka mbali na kuwapa wageni heshima zaidi. Kwa nini hakusema hivyo mapema, sikuuliza. Nilikuwa nimeanza kujifunza.

Mchumba aliteremsha Ngomo viti na hema juu ya lori. Katekista aliomba. Prezida alishukuru miradi yote, mmoja baada ya mwingine, kwa mambo yote mema iliyokusudia kufanya. Kisha mamans wa kwaya wakaanza kuimba na wanaume wakachimbua miguu ya saruji kwa sururu, na kila kibao kikainuliwa na kulazwa mabegani. Walitembea polepole, kwa sababu mzigo ulikuwa mzito. Mama, ambaye hakuwa na nguo nyingine ya kuvaa, alitembea nyuma yao katika nguo zake nyeusi. Msomaji ameshaona tatizo. Kwaya mbele, mzigo mrefu mabegani, mjane nyuma. Minibasi iliyokuwa inatoka Uvira ilisimama, abiria wakashuka, wanaume wakavua kofia, wakaja kumpa mama mkono na kusema pole sana. Mama mmoja mnene alimkumbatia kwa nguvu akamuuliza marehemu aliugua nini.

Nilisubiri aeleze. Huyu ni mwanamke aliyesahihisha makosa ya watu maisha yake yote, hata ya padri. Hakueleza. Alipokea mikono yote, akasema asante, na akamjibu yule mama kwamba aliugua moyo, jambo ambalo kwa baba lilikuwa kweli. Machozi yakamtoka, yale ambayo siku ya mazishi hakuyatoa mbele ya watu. Nikaenda kumshika mkono, na mimi nikalia vilevile, nikitembea nyuma ya kibao cha mradi, na nilijua kabisa kwamba ni kibao, na nililia tu. Mchumba alizima mikro bila kuambiwa. Abiria walitusindikiza mpaka shuleni, ndipo wakapanda gari lao.

Siku ya salongo iliyofuata, ile kazi ya pamoja, watu wa mashamba yote yanayoumwa walikuja na majembe wakaufungua mtaro mpaka mtoni. Mama akaloweka shamba, akamwaga, akaloweka tena. Prezida akafanya hivyo hivyo upande wake, na sasa walikuwa wanasalimiana bila majembe. Lakini chumvi haina haraka ya harusi. Misimu ilipita, weupe ukirudi nyuma hatua ndogo ndogo, na kule Walungu ndama wa yule ng'ombe wa mahari alikua, naye akazaa. Mdogo wangu alisema kwa uchungu kwamba ng'ombe wake ameshakuwa bibi na yeye bado hajawa mke. Mchumba hakuacha kuja Jumapili. Kikaratasi chake nacho hakikuacha kuja.

Hatimaye mpunga ulisimama. Katika kona ya baba ulikuwa mfupi, lakini hata hapo ulisimama, ukajaza, ukainama. Nilishuka na mundu mpya. Mama alisema bado. Nikashuka tena, akasema bado. Prezida alivuna lake, akaanika, akapeleka kinuni. Ndege wakagundua kwamba la kwetu halina haraka, wakaitana. Mdogo wangu alinipigia simu kila asubuhi kuniuliza, na kila asubuhi nilimdanganya. Siku moja nilishindwa. Nilimwambia mama pale ukingoni kwamba mpunga umeiva na hata kipofu anausikia, na kwamba anamtesa mtoto wake bure. Nilisema kwa sauti mbaya ambayo sikuwahi kuitumia kwake. Hakukasirika. Alikuwa ameketi, miguu inaning'inia ndani ya mtaro, anaitazama ile kona.

"Nikikata huu mupunga, papa yenu atakuwa amekufa kabisa," alisema. "Ile chumvi ilikuwa inanisaidia."

Miaka yote hiyo nilidhani tunapigana na chumvi, yeye na mimi, tuko upande mmoja. Niliketi karibu naye, na ndege wakaendelea kula. Jua lilipoanza kupungua makali aliniomba mundu, akashuka mwenyewe, akaanzia kwenye kona ya baba.

Misa ilifanyika Bukavu, na hema ya mchumba ikajaza ua wetu wote. Mama alitoka chumbani amevaa kitenge cha njano alichopewa na baba, na watu waligeuka kumtazama, kwa kuwa tulikuwa tumesahau kwamba yeye ni mtu wa kupenda nguo za rangi. Mdogo wangu alimkumbatia shingoni, hakutaka kumwachia. Kisha wali ukaletwa, wali wa shamba. Mama aliupika mwenyewe, kwa hiyo sisi wa nyumbani tulijua mapema una nini na unakosa nini. Baba zetu wadogo wa Walungu, ambao hawakuzijua desturi zetu mpya, walitia kijiko cha kwanza mdomoni, wakatazamana, wakatafuna kwa heshima. Hema nzima ilikuwa inatafuna kwa heshima. Nilimwona mchumba kwenye meza yetu, mkono umeshaingia mfukoni na umekwama humo, kwa sababu mama alikuwa anamtazama.

Mama naye akaonja. Alitafuna taratibu, akameza, akaweka kijiko chini.

"Inakosa chumvi," alisema, na akamnyooshea kijana kiganja. "Mutoto yangu, leta ile iko mu poshi yako."

Kijana alitoa kikaratasi. Mama akakifungua bila haraka, akanyunyizia wali wake, akampa aliyekaa karibu naye. Kikaratasi kilizunguka meza yetu yote, na kilipofika kwangu kilikuwa kimebaki na chembe chache tu, nikazilamba.